Saini ya Hajjat: Je, Kuridhia Usichokielewa ni Kuridhia?



Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma kompyuta hapa Mbale tumeanza kufanya vibarua kabla hata ya kuhitimu. Mwenye duka anataka programu ya mauzo, madrasa inataka orodha ya wanafunzi, nasi tunahitaji ada. Walimu wetu wametufundisha kanuni moja: usianze kuandika programu mpaka mteja aone michoro ya kila ukurasa na kuitia saini. Ni kanuni nzuri. Lakini mwaka jana, kule Namatala, kanuni hiyo ilitutia katika swali ambalo darasani hatukuwahi kuulizwa.

Tulikuwa watatu. Mteja wetu, ambaye nitamwita Hajjat tu, ana mashine ya kukoboa mpunga. Wakulima wa bondeni huleta magunia, hukoboa, na Hajjat huandika kila kitu katika daftari kwa Kiluganda. Alitaka hesabu hizo ziingie kwenye kompyuta. Tulichora kurasa nane, kwa Kiingereza, tukazichapa, tukampelekea. Mashine ilikuwa ikinguruma, watu wamepanga foleni. Akazipitisha mkononi, akasema, "Mashallah, wanangu," akatia saini. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Wiki sita baadaye tulimpelekea programu iliyokamilika. Ilifanana na michoro kabisa. Hajjat aliitazama, kisha akauliza, "Na wale ambao hawajanilipa wako wapi?"

Hawakuwemo. Sisi tulidhani mkulima hukoboa na kulipa papo hapo. Kumbe wengi hukoboa leo, wakauza mchele, ndipo warudi na pesa. Nusu ya daftari lake ni madeni. Mwenzetu mmoja akamwonyesha karatasi: "Hajjat, saini hii ni yako." Akajibu, "Mwanangu, nilitia saini kwa sababu nyinyi ni watoto wa msikiti wetu."

Tulirudi chuoni tukibishana. Mwenzetu alikuwa na hoja, tena ya kifikihi. Kumtengenezea mtu kitu ambacho bado hakipo ni istisnaa, na wanachuoni wa Kihanafi waliijadili kwa kirefu. Abu Hanifa alimpa mwagizaji hiari ya kukubali au kukataa anapokiona kitu. Mwanafunzi wake, Abu Yusuf, aliona kwamba kikija kama kilivyoelezwa, mwagizaji hana hiari, kwa sababu fundi atadhurika: ameshakata ngozi kwa kipimo cha mguu mmoja, nani mwingine atakinunua kiatu hicho? Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika 1876, ilifuata rai ya Abu Yusuf, na mwaka 1992 Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jeddah likaamua kwamba istisnaa inazifunga pande zote mbili masharti yake yakitimia. "Basi masharti yametimia," akasema mwenzetu. "Programu ni ile ile aliyoitia saini. Akitaka nyingine, alipe."

Nilikaribia kukubaliana naye. Jasho la fundi si maji, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Waislamu husimama juu ya masharti yao. Kama kila mteja anaweza kusema "sikuelewa" siku ya kukabidhiwa, hakuna fundi atakayelala usingizi.

Lakini nilikwama kwenye neno moja: kilivyoelezwa. Kilielezwa kwa nani? Sisi wengi wa Uganda ni Mashafii, na madhehebu yetu huuweka mlango huu karibu na salam, yaani kulipia kitu kitakacholetwa baadaye. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka sharti kwamba sifa za kitu zijulikane na wote wawili wanaofunga mkataba, na kwa kauli yenye nguvu zaidi, zijulikane na watu wengine pia, ili wakigombana pawe na wa kushuhudia. Haitoshi sifa ziwe zimeandikwa. Lazima zijulikane. Hajjat alijua rangi ya kurasa zetu, lakini yaliyomo hakuyajua.

Nikarudi kwenye aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ambayo huwa tunaitaja kama dalili ya kuandikiana. Tunasahau sehemu yake ya kati. Aya inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inataka anayebeba deni ndiye asomeshe maneno; akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake asomeshe badala yake kwa haki. Maana yake, aya inajua kwamba si kila anayesimama mbele ya karatasi ana uwezo sawa nayo. Katika mkataba wetu, sisi tulikuwa upande mmoja wa mkataba, na sisi hao hao tukawa mwandishi. Aliyeshika kalamu ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha mwenzake ameelewa.

Je, hilo linamwacha fundi bila kinga? Sioni hivyo. Linamwonyesha tu mahali kinga yake ilipo. Tulipoanza upya, tuliomba ukurasa mmoja wa daftari la Hajjat. Tukachora kurasa upya kwa Kiluganda, tukakaa naye baada ya swala ya Alasiri mashine ikiwa imezimwa, tukapitisha wateja wake kumi, mmoja mmoja, juu ya karatasi. Kufikia mteja wa tatu tu, deni lilijitokeza. Kwa mteja wa saba tukagundua jambo jingine: wapo wanaomwachia pumba kama sehemu ya malipo. Mwishoni tukaandika pia yale ambayo programu haitafanya. Akatia saini tena. Safari hii, akibadilisha neno, atalipia, na yeye mwenyewe amesema hivyo.

Marekebisho yalichukua wiki tatu, na hatukumdai kitu. Mwenzetu hakuridhika, na sikuona haki kumlazimisha abebe gharama ya rai asiyoiamini. Sisi wawili tukamlipa siku zake kutoka fungu letu. Mpaka leo anasema alikuwa sahihi, na tunaswali safu moja.

Mimi si mufti. Masuala ya hukumu waulizeni wenye elimu. Nasihi yangu kwa wenzangu wa fani hii ni ndogo. Kabla hujampa mteja kalamu, muulize akusimulie kwa lugha yake kile anachokwenda kukubali. Akishindwa, ficha kalamu, endelea kueleza.

Wabillahi tawfiq.