Je, Yafaa Kusoma Hadithi za Kutisha?

Wako watu wema wasemao kwamba mtu mwenye akili hapaswi kupoteza taa yake kwa kusoma hadithi za majitu, na wafu watembeao, na mambo yasiyopata kuwako duniani. Husema kwanza kwamba habari hizo ni uongo, na uongo haufai hata ukiwa mtamu. Tena husema kwamba zatia hofu mioyoni, na dunia hii ina hofu ya kutosha pasipo kuongezewa. Maneno haya si ya kudharauliwa. Lakini yafaa tuyapime, kama mtu apimavyo nafaka kabla ya kuitoa fedha yake.

Tuanze na neno la uongo. Jioni bibi aanzapo hadithi, watoto huitika kwa kuualika uongo wenyewe uje, na utamu wake ukolee. Basi, hapo nani amedanganywa? Uongo ule umebisha hodi mlangoni, ukataja jina lake, ukakaribishwa. Lakini uko uongo mwingine usiobisha hodi. Zamani za ukoloni zilienea habari katika miji ya Afrika Mashariki kwamba wako watu wakamatao wenzao usiku ili kuwatoa damu ifanywe dawa. Watu hao waliitwa mumiani, na mahali pengi walioshukiwa walikuwa wazimamoto, yaani watu ambao kazi yao ni kuokoa nyumba za wenzao zisiteketee! Kadhalika mwaka wa 1995, hofu ya Popobawa ilipoingia Pemba na Unguja, watu waliacha vyumba vyao wakalala nje, na mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa na kundi hata akafa. Habari hizo hazikuitwa hadithi. Ziliitwa kweli.

Asomaye Dracula, kitabu cha Bram Stoker kilichopigwa chapa mwaka wa 1897, ajua kwamba yule mnyonya damu hawezi kutoka ndani ya jalada. Akimaliza hukifunga, akalala. Wala asubuhi hamtazami jirani yake kwa jicho la shaka. Kwa hiyo hofu ya kitabu na hofu ya uvumi si ndugu, ijapokuwa nyuso zao zafanana.

Sasa tuje kwa neno la pili: hofu yenyewe ina faida gani? Hapa hatuna budi kuchukua kitabu kimoja na kukitazama vema, maana kuzisema hadithi zote kwa jumla ni kusema ovyo. Twakichukua Frankenstein.

Mwaka wa 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulipasuka kwa nguvu kuu. Vumbi lake likatanda angani, na mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi cha kawaida. Mvua ilikuwa nyingi, na baridi. Wakati huo Waingereza wachache walikuwa wakikaa karibu na ziwa la Geneva, katika Uswisi, na kwa kuwa hawakuweza kutoka walisomeana hadithi za mizimu. Mshairi Byron akasema kila mtu na atunge yake. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 18, Mary, aliyeitwa baadaye Mary Shelley. Mama yake alikufa siku chache tu baada ya kumzaa, na mtoto wake mwenyewe wa kwanza alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Hadithi aliyoianza huko ilitoka London mwaka wa 1818, pasipo jina la mwandishi.

Yasimulia habari za kijana Victor Frankenstein, mwanafunzi wa elimu ya maumbile, aliyekusanya viungo vya maiti akafanya kiumbe kikubwa kuliko mtu, akakitia uhai. Kilipofumbua macho, yeye akakiona kibaya, akakimbia. Hilo tu! Hakukipa chakula, wala neno, wala jina. (Watu wengi hukiita kile kiumbe Frankenstein, hasa tangu picha ya sinema ya mwaka wa 1931, lakini hilo ni jina la aliyekifanya.) Kiumbe kikajificha karibu na nyumba ya watu maskini, kikajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, na usiku kikawachanjia kuni kwa siri. Siku moja kikaingia kwa mzee wa nyumba, aliyekuwa kipofu. Mzee akakikaribisha, akasema nacho kwa upole. Wenye macho waliporudi wakakipiga fimbo.

Baada ya hapo kiumbe kinaua. Chamwua mdogo wake Victor, mtoto, na kwa hila chamsingizia Justine, msichana mtumishi wa nyumba, akahukumiwa kunyongwa. Je, hatia ni ya nani? Wengine husema ni ya Victor, aliyekitupa alichokifanya. Wengine husema mwuaji ni mwuaji. Sisi twaona kwamba kiumbe hakina udhuru: kilijua mema, maana kilikuwa kimeyatenda, na Justine hakukikosea lolote. Lakini kurasa zilizotuogofya kuliko zote hazina damu. Ni zile ambazo Victor yuko katika baraza la hukumu, naye anajua kwamba Justine hakuua. Anasikitika, anateseka moyoni. Lakini siri yake haitoi, kwa sababu watamdhania mwenda wazimu. Msichana ananyongwa, na Victor anarudi nyumbani akila na kulala pamoja na jamaa zake.

Nani kati yetu hajaketi katika baraza akijua jambo, akanyamaza ili asichekwe? Kama mwandishi angetuletea maneno haya kwa mahubiri, tungeitikia kwa kichwa na kuyasahau njiani. Kwa kuwa yalikuja pamoja na jitu, hayatoki.

Haya si mambo ya vitabu vya kale tu. Mwaka wa 2005 Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyekulia Uingereza, alitoa kitabu Never Let Me Go, juu ya watoto waliotengenezwa na waganga ili wakikua viungo vyao wapewe wagonjwa. Hakuna jitu humo, wala usiku wa giza. Wako walimu wema, na shule nzuri, na watu wengi wanaojua na kunyamaza.

Hatusemi kila hadithi ya kutisha ni njema. Ziko nyingi zinazomwaga damu kwa sababu mwandishi hakuwa na neno la kusema, na hizo zingalikaa dukani tusingalisikitika. Wala watoto wadogo hawafai kusomewa Frankenstein wakati wa kulala. Bali msomaji mzima wa Kiswahili atakaye kuonja aina hii aweza kuanza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka wa 1952. Humo atamkuta liwali mwenye sifa ya wema, ambaye kila usiku huwachapa mijeledi manyani wawili aliowafuga, naye mwenyewe analia. Kisha huketi akawalisha chakula chake.