Uhalisi wa Nusu: Swali la Kimaadili katika Kujifunza Kurusha Helikopta za Kivita kwenye Kompyuta

Utangulizi

Mjini Machakos, kama katika miji mingine ya Kenya, kijana mwenye kompyuta yenye nguvu ya kutosha anaweza kuketi chumbani mwake na kujifunza kurusha helikopta ya kivita. Hahitaji kuvaa sare wala kula kiapo. Anachohitaji ni programu, usukani wa kuunganishwa na kompyuta, kitabu cha mwongozo chenye mamia ya kurasa, na subira. Programu za aina hii zilianza zamani kidogo: Gunship ya kampuni ya MicroProse ilitolewa mwaka 1986, na Gunship 2000 ikafuata mwaka 1991. Lakini zile zilikuwa michezo iliyojengwa juu ya mfano wa helikopta. Programu zilizokuja baadaye, hasa zile za Eagle Dynamics, zinadai jambo kubwa zaidi. Mi-24 ya Kirusi iliyotolewa mwaka 2021, na Apache ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 2022, zinakusudiwa ziwe sawa na chombo chenyewe, swichi kwa swichi.

Neno linalotumiwa kuzisifu programu hizi ni “halisi”. Neno hilo si geni kwa mhakiki wa fasihi, na kwa sababu hiyo hana budi kulisimamisha na kulihoji. Uhalisi ni uaminifu wa kazi ya sanaa kwa kitu fulani. Je, programu hizi ni aminifu kwa kitu gani? Na ikiwa ni aminifu kwa kimoja na kimya kuhusu kingine, mwanafunzi wake ana wajibu gani? Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba ubaya wa programu hizi, kama upo, hauko katika kile zinachofundisha, bali katika kuita kizima kitu ambacho ni nusu.

Uaminifu kwa chombo

Ni haki kuanza na sifa. Mwanafunzi anayedhani kwamba atabonyeza kitufe kimoja na kupaa huaibika siku ya kwanza. Injini huwashwa kwa utaratibu. Hatua ikirukwa, chombo hakiamki. Kikishaamka, mkono wa kushoto hushika wenzo unaopandisha na kushusha helikopta, mkono wa kulia hushika fimbo ya kuielekeza, na miguu hukanyaga pedali zinazoizuia pua isizunguke ovyo. Kila kimoja huvuruga vingine. Anayeongeza nguvu hugeuza pua. Anayeirekebisha pua hupoteza kimo. Anayekitafuta kimo hujikuta anaserereka upande. Kusimama tu hewani, jambo ambalo mtazamaji wa chini huliona jepesi, huchukua siku nyingi za jasho.

Programu hizi huiheshimu hata hewa. Machakos iko katika kimo cha mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho, hasa mchana wa jua kali, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na helikopta iliyobeba mzigo mzito inaweza kushindwa kuinuka hapo ilhali pwani ingeinuka bila taabu. Mwanafunzi hulijua hilo kwa kuanguka. Hujua pia kwamba helikopta inayoshuka wima kwa kasi inaweza kuzama katika upepo unaosukumwa chini na mapanga yake yenyewe. Hapo silika humwambia aongeze nguvu, na kuongeza nguvu huzidisha kuzama. Kinachomwokoa ni kusukuma fimbo, akatoka katika hewa aliyoichafua mwenyewe. Injini ikizimika hana budi kushusha wenzo mara moja, akakubali kuanguka, ili hewa inayopanda iendelee kuyazungusha mapanga mpaka ardhi ikaribie.

Katika mafunzo haya mna maadili. Mwanafunzi anafundishwa kutoiamini silika yake, kufuata utaratibu, na kukiri kwamba maumbile hayabembelezwi. Wala si maarifa ya upuuzi. Mwezi wa Agosti mwaka 2012, helikopta tatu aina ya Mi-24 za jeshi la Uganda, zilizokuwa njiani kwenda kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, zilipatwa na maafa katika Mlima Kenya. Baadhi ya wanajeshi waliokolewa na wengine wakafa. Marubani wale walikuwa wamehitimu, lakini mlima haukusoma vyeti vyao. Anayejifunza kurusha Mi-24 kwenye kompyuta, akianguka mara ya ishirini dhidi ya kilima cha kuchorwa, hupata kuelewa kidogo jinsi chombo kile kilivyo kigumu na jinsi maisha ya aliyemo ndani yake yanavyoning’inia.

Uigaji na elimu

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anamshutumu msanii kwa hoja inayojulikana sana. Seremala hutengeneza kitanda; mchoraji huiga kitanda cha seremala bila kujua useremala. Kwa hiyo mwigaji yuko mbali na ukweli, na watu wanaomsikiliza hudanganyika wakidhani anajua anachokiiga. Aristotle alijibu kwamba binadamu huanza kujifunza kwa kuiga tangu utotoni, na kwamba kuiga kuna manufaa yake.

Programu za helikopta zinaivuruga hoja ya Plato kwa namna asiyoitarajia. Hapa mwigaji anaujua useremala. Kifaa cha Edwin Link, kilichobuniwa Marekani mwaka 1929, kiliwafundisha marubani wengi kabla hawajapanda ndege ya kweli, na programu za leo ni wajukuu wake. Kwa upande wa chombo, basi, uigaji umekuwa elimu, na Aristotle ameshinda.

Lakini lipo swali ambalo wote wawili wanalisaidia tu nusu njia: kuigwa kwa vita. Fasihi ya Kiswahili imelikabili swali hili mapema. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo huko Pate na ambao nakala yake inayojulikana ni ya mwaka 1728, unasimulia vita vya mbali kati ya Waislamu na Warumi wa Mashariki. Mtunzi hakuviona vita vile. Farasi, panga na majeshi yake ni ya kuwaziwa, na mwanahistoria wa silaha hawezi kujifunza mengi kwake. Hemedi bin Abdallah wa Tanga, kwa upande mwingine, alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima vya miaka ya 1888 na 1889, vita vya zama zake na vya pwani yake mwenyewe. Watunzi hawa wawili wanatofautiana kwa umbali wao kutoka katika tukio. Hata hivyo wanafanana katika jambo moja: kwao vita ni habari ya watu. Wanaokufa wana majina, wana imani, wana waliobaki.

Ukambani nako kuna mapokeo yanayofaa kukumbukwa hapa. Inasimuliwa kwamba Syokimau, mwaguzi wa Kikamba, aliona nyoka mrefu akipita nchini kabla ya reli kujengwa, akaona pia wageni wa ajabu waliochukua moto mifukoni mwao. Jina lake limebaki katika kaunti ya Machakos, na mwaka 2012 kituo kipya cha reli kilifunguliwa kwa jina hilo hilo. La kuzingatiwa si usahihi wa kiufundi wa maono. Nyoka si maelezo mazuri ya gari moshi. Lakini Syokimau alikiona chombo pamoja na nchi kinamopita na watu watakaobadilishwa nacho. Programu ya helikopta ni kinyume cha maono yake: imekiona chombo mpaka ukucha wa mwisho, na nchi imeiona kama zulia.

Aliye chini

Chukua mfano wa ramani. Moja ya ramani zinazotumiwa katika programu hizi, iliyotolewa mwaka 2018, ni ya Ghuba na mlango wa Hormuz. Ndani yake mna Dubai na pwani ya Musandam ya Oman, sehemu ambazo kwa watu wengi wa Afrika Mashariki si ngeni: kuna wenye jamaa huko, kuna waliokwenda kutafuta kazi huko. Mwanafunzi wa Machakos anaweza kuruka juu ya mji ambamo huenda dada yake anafanya kazi. Majengo yamesimama mahali pake, viwanja vya ndege vimepimwa. Nyumba hazina wenyewe. Kombora likipotea na kuangukia paa, paa hubomoka na hapana mtu anayetoka.

Methali inasema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Katika programu hizi nyasi zimechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini haziumii.

Historia ya karibu inaonyesha ukubwa wa kile kilichoachwa. Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Kimarekani aina ya Cobra zilirusha makombora katika nyumba moja mjini Mogadishu iliyokuwa na mkutano, na miongoni mwa waliokutana walikuwamo wazee wa koo. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu wafu 54. Umoja wa Mataifa ulitaja idadi ndogo zaidi. Kwa rubani, kazi ilimalizika kwa dakika chache. Kwa walio chini ndiyo kwanza ilianza. Waandishi wa habari na wapiga picha waliofika mahali pale walishambuliwa na umati wenye hasira, na wanne wakauawa: Hansi Krauss wa Ujerumani, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Kombora lililolengwa nyumba moja Mogadishu liliingiza msiba katika nyumba za Kenya.

Mlolongo huu wa sababu na matokeo ni halisi sawasawa na ule wa wenzo na mapanga. Umepita katika hasira, udugu, kazi ya uandishi, na maombolezo. Programu inajua kwamba ukivuta wenzo pua itageuka. Haijui kwamba ukiua wazee, umati utageuka.

Pingamizi

Msomaji makini ataleta pingamizi mbili. La kwanza ni kwamba huu ni mchezo, na mchezo haumwui mtu. Ni kweli, na makala haya hayadai kwamba kijana anayerusha helikopta ya kuigwa atatoka nje kutafuta ya kweli. Lakini hoja ya “ni mchezo tu” haiwezi kutumiwa na mtu yule yule anayejivunia kwamba si mchezo. Anayedai uhalisi amekubali kupimwa kwa uhalisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema hivi: rubani wa kweli naye hamwoni aliye chini. Katika Apache, mtu ni alama ya joto kwenye kioo, na umbali ni kilomita kadhaa. Kwa hiyo programu inayoonyesha alama badala ya mtu imeiga kweli iliyopo, na kuilaumu ni kulaumu kioo kwa sababu ya uso.

Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake inafaa kukubaliwa. Programu imeyaiga kwa usahihi macho ya rubani. Lakini rubani si macho tu. Rubani wa kweli hutua katika dunia ile ile aliyorusha kombora ndani yake. Anaweza kuitwa mbele ya wachunguzi. Anaweza kusoma gazeti. Anaweza kuamka usiku. Jeshi la Uganda liliposhambulia kambi za waasi wa LRA katika msitu wa Garamba nchini Kongo, Desemba 2008, ilijulikana kwamba waasi wale walikuwa wakiishi na watoto waliowateka nyara. Kwa rubani aliyepewa kazi kama hiyo, alama kwenye kioo ni swali: ni muuaji, au ni mtoto aliyeporwa na muuaji? Swali hilo haliko kwenye kioo, lakini limo katika chumba cha rubani. Ni sehemu ya uzito wa chombo kama mafuta yalivyo sehemu ya uzito wake. Programu inayopima mafuta kwa kilo na kuliacha swali hilo haijaiga kazi ya rubani. Imeiga vidole vyake.

Hitimisho

Haifuati kutokana na haya kwamba programu zipigwe marufuku, wala kwamba mwanafunzi wa Machakos aone haya kwa ujuzi alioupata kwa taabu. Ujuzi ule ni wa kweli, na nidhamu iliyomo ni ya kuheshimiwa. Kinachofuata ni kwamba nusu iliyokosekana haitaletwa na chapa mpya ya programu yenye vivuli bora na moshi mzuri zaidi. Itatafutwa mahali pengine: katika tenzi, katika riwaya, katika ushuhuda wa watu wa Mogadishu na wa kaskazini ya Uganda, katika makaburi ya waandishi waliokwenda kazini wasirudi. Anayejua kurusha Mi-24 na hajui majina ya waliokuwa chini yake ana elimu ya nusu. Na mhakiki anayeyajua majina yale lakini anadharau kujua jinsi helikopta inavyoruka naye ana nusu yake.

Idara za fasihi zimezoea kuuliza, juu ya kila utenzi wa vita, nani ametajwa jina na nani hakutajwa. Sasa maandishi ya vita yanaandikwa pia kwa namba ndani ya kompyuta, na vijana wanayasoma kwa mikono na miguu kwa saa nyingi kuliko wanavyosoma utenzi wowote. Swali lile lile linayahusu, na haliwezi kuulizwa vyema na mtu ambaye hajakubali kwanza kuketi, kuwasha injini kwa utaratibu wake, na kuanguka.