Nani Atajua?

Swali lenyewe ni hili, ndugu msomaji: fundi anadaiwa nini katika ile sehemu ya kazi ambayo mteja hawezi kuiona? Sisemi habari za kuiba spea. Huo ni wizi tu, hauhitaji makala. Nasema mambo madogo, kama puli ya pampu ya usukani.

Kuna Jeep Cherokee za zamani, na moja naifahamu hapa Sumbawanga, ambazo puli hiyo haina nati. Imeshindiliwa kwenye shafti, chuma ndani ya chuma. Pampu ikivuja ikabidi kubadilishwa, puli lazima itoke ihamie kwenye pampu mpya. Ipo pula ya kazi hiyo: inashika shingo ya puli, bolti ya katikati inasukuma shafti, unakaza spana polepole hadi puli ije yenyewe. Kurudisha ni chombo kingine, kinachojifunga kwenye nyuzi za ndani ya shafti na kuisukuma puli taratibu mpaka uso wake uwe sawa na ncha ya shafti.

Halafu kuna nyundo. Ukiipiga puli inaingia, sikatai. Lakini kila pigo linapita kwenye shafti hadi ndani ya pampu, kwenye vile vibamba vinavyosukuma oili. Na ukiing'oa kwa mtaimbo, ukingo unapinda kiasi ambacho jicho halioni ila mkanda unaona. Gari linawashwa, usukani mlaini, mteja analipa na asante juu. Siku moja, kwenye mteremko wa kwenda Muze, mkanda unaruka. Katika gari hilo mkanda ni mmoja, unazungusha hata pampu ya maji. Usukani unakuwa mzito ghafla, injini inaanza kuchemka, na kona bado ziko mbele. Nani ataikumbuka nyundo ya mwezi uliopita? Watasema gari bovu.

Nilimwuliza fundi mmoja wa rika langu. Akanijibu, "We mwandishi, mteja kasimama hapo anaangalia saa, anataka kufika Matai leo. Pula utaninunulia wewe?"

Jibu hilo lina uzito. Mteja anayekata bei kwa kuwa "ni kufungua na kufunga tu" ameshika mpini wa nyundo ile pamoja na fundi. Lakini kwenye gari yumo pia mama aliyelipia lifti, na gunia lake la mahindi. Yeye hakukata bei ya mtu. Wawili wamepatana gereji, wa tatu ndiye anayelipa. Basi hoja ya "tulikubaliana" mimi hainiingii.

Ufipa ni nchi ya chuma tangu kale. Wazee waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri za udongo ndefu kupita mtu, zilizojivutia upepo bila mivukuto. Kazi ile ilikuwa na miiko. Wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi iishe. Vijana wenzangu huicheka. Sidhani mwiko uliongeza joto la tanuri hata chembe, ila ulimfanya mtu ajichunge hata pale ambapo hakuna wa kumkagua.

Nimewashauri mafundi wa uwanja ule wachangiane pula moja. Wamekubali wote, bwana. Mpaka leo wanabishania itakaa kwa nani.