Wanyama wa Mwitu na Shamba la Jirani



Mwezi uliopita wanafunzi wa kipaimara wa usharika wetu walipelekwa kuitazama Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nami nikafuatana nao pamoja na mwinjilisti na wazazi wawili. Si safari ndefu. Mtu akiiacha njia kuu ya Arusha na Moshi pale Usa River, akapanda upande wa kaskazini, hufika langoni kabla jua halijawa kali. Kwetu sisi tukaao chini ya Mlima Meru hifadhi hiyo ni jirani; hata hivyo wengi wa watoto wale walikuwa hawajaingia humo hata mara moja, ingawa wamezaliwa karibu na mpaka wake.

Tulipokwisha kupita lango tulikuta uwanja wa majani ambao watu huuita Serengeti Ndogo. Nyati, punda milia na ngiri walikuwa wakila pamoja, na twiga wakatutazama kama wenyeji wawatazamavyo wageni. Msituni tukawaona mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe, na mtoto mmoja akasema ya kuwa wamevaa kama mchungaji siku ya ibada. Tukacheka sote, na mwinjilisti naye akacheka. Katika maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi, tuliwaona heroe wamesimama kwa mguu mmoja, wekundu kama mawingu ya asubuhi.

Kisha tukapanda mpaka ukingo wa shimo la Ngurdoto. Ni mlima wa moto uliozimika zamani, katikati yake ukadidimia, likabaki bonde la mviringo lenye upana wa kilometa 3 hivi. Kule chini nyati walionekana wadogo kama siafu. Watoto wakauliza, "Tutashuka lini?" Askari wa hifadhi akawajibu ya kwamba wageni hawashuki, hutazama kutoka juu tu, na bonde lile wameachiwa wanyama.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Tumezoea kudhani ya kuwa kila kitu kimeumbwa kwa ajili ya matumizi yetu, na kisichotufaa hakina kazi duniani. Lakini someni kitabu cha Ayubu, sura ya 38 na ya 39. Bwana amwuliza Ayubu habari za simba, za mbuzi wa majabali, za punda-mwitu na za mbuni, yaani wanyama wasiolima shamba la mtu wala kubeba mzigo wake. Ayubu hana la kujibu. Mungu huwalisha kwa sababu ni wake, naye hupendezwa nao. Basi ni vema mwanadamu awe na mahali pamoja ambapo husimama ukingoni, akatazama, asishuke. Hapo hujifunza ya kuwa yeye si bwana wa vyote.

Kama safari yetu ingalikwisha hapo, ningaliandika shukrani tu. Lakini jioni, tulipokuwa tukirudi, tulipita kwa mama mmoja mjane, mwenzetu wa usharika, ambaye shamba lake li karibu na mpaka wa hifadhi. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akawapa maji ya kunywa. Wakaanza kumsimulia yote waliyoyaona. Akawasikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema, "Ninyi mmekwenda kuwatazama mchana, nanyi mmerudi salama. Mimi wananijia usiku bila kualikwa. Mwaka huu tembo wamekula mahindi yangu yaliyokuwa yamekomaa, na yaliyosalia wameyakanyaga. Niambieni, wajukuu zangu, tembo hao ni wa nani?"

Watoto wakanyamaza. Sisi watu wazima tukanyamaza vile vile. Swali hilo nimelichukua mpaka nyumbani, na leo nalileta kwenu.

Wako wasemao, "Wauawe, kwa kuwa mtu ni bora kuliko mnyama." Ni kweli mtu ni bora, Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo. Lakini aliye bora hakupewa ubora wake ili aangamize. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Nuhu aliamriwa awaingize safinani hata wanyama wasiofaa kwa sadaka. Tukiwamaliza tembo kwa sababu ya shamba moja, kesho tutawamaliza mbega kwa sababu ya mti mmoja, na wajukuu wetu watakisoma kitabu cha Ayubu wasijue kinanena nini.

Wako wengine wasemao, "Mama yule ahame." Neno hili ni jepesi mdomoni mwa mtu asiyehama. Watu wa Meru wajua uzito wake. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki, ili walowezi wapate mahali pa kufuga ng'ombe. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyaeleza mashitaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wale hawakuondolewa kwa ajili ya wanyama wa mwitu, lakini machozi ya mtu aondolewaye katika shamba la baba yake ni yale yale.

Basi tulirudie swali la mama: Tembo ni wa nani? Kwanza ni wa Mungu. Zaburi ya 50 yashuhudia ya kuwa kila mnyama wa msituni ni wake. Lakini hapa duniani amewaweka chini ya ulinzi wa watu, nasi tumekubali ulinzi huo waziwazi. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, katika mkutano uliokutana Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliahidi kwa niaba ya nchi ya kwamba wanyama watatunzwa, wawe urithi wa watoto na wajukuu. Hifadhi yetu ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikapewa jina la Arusha. Na sheria ya mwaka 2009 yasema ya kuwa wanyamapori ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo jibu si gumu. Tembo aliyekula mahindi ya mama yule ni wangu, tena ni wako, ndugu msomaji.

Sasa fungueni Kutoka 22, mstari wa 5. Torati yaagiza ya kwamba mnyama wa mtu akilishwa katika shamba la mwingine, mwenye mnyama atalipa, naye atalipa kwa mazao yaliyo mema ya shamba lake mwenyewe, si kwa makapi. Labda mtu atasema, "Tembo hachungwi kama ng'ombe, wala hakuna aliyemfungulia." Ndiyo, lakini tumemkataza mama yule kumwua, tena tumemkataza kwa haki. Mtu amfungaye jirani yake mikono hana budi kusimama mlangoni kumlinda. Tukimfunga mikono kisha tukaenda kulala, tumemfanya yeye peke yake atoe sadaka, na sifa tumejitwalia sisi.

Basi imetupasa kufanya nini? Serikali imeweka kanuni za kifuta jasho kwa mtu aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lakini mjane asiyejua kuandika atazifuataje njia hizo peke yake? Mwalimu wa kanisa na amwandikie barua. Mzee wa kanisa na aende naye asubuhi ile ile kulitazama shamba, awe shahidi. Vijana na wakeshe kwa zamu katika dungu, wapige madebe, lakini wasithubutu kumkaribia tembo gizani. Tena imeonekana katika Kenya na Tanzania ya kuwa tembo huogopa nyuki, na mizinga iliyotundikwa kwa waya kuzunguka shamba huwazuia mara nyingi. Mizinga michache ni kazi iwezekanayo kwa usharika, na asali ni faida ya mwenye shamba. Wala tusitege mitego kwa siri, wala tusinunue nyama ya wizi, tukijisingizia kwamba twalipiza kisasi kwa ajili ya maskini.

Jumapili iliyofuata watoto wale walileta mahindi kanisani, kila mmoja kwa kadiri alivyopewa na mama yake. Yalipokusanywa hayakujaza hata gunia moja, lakini yalikuwa mahindi mazuri yaliyochaguliwa. Mama akayapokea mbele ya madhabahu, akasema maneno machache tu: "Sasa nitakapowasikia usiku, nitajua ya kuwa si wangu peke yangu."

Ndugu, Zaburi ya 104 yaeleza jinsi Mungu alivyougawa usiku uwe wakati wa wanyama wa msituni, na mchana uwe wakati wa mtu kwenda kazini kwake hata jioni. Wote wawili wamngojea Yeye awape chakula. Nendeni mkawatazame viumbe vyake, mkamsifu. Lakini mnaporudi, piteni kwa jirani akaaye mpakani, mkamwulize usiku wake umekuwaje.