Aliyepauka Kakosa Nini?

Hivi, ndugu msomaji, mtu akifuga kiumbe kwa sababu ya rangi yake, halafu kiumbe kikazaliwa bila rangi ile, kosa ni la nani? Swali hili nimelitembeza vijiweni wiki ya tatu sasa, na jibu la kwanza huwa ni kicheko. Maana kiumbe chenyewe ni uduvi. Ndiyo, uduvi! Si twiga, si faru. "Uduvi tunawanunua kwa kopo sokoni, tunawaunga kwa nazi, leo wewe unawatafutia haki?" Aliyeniuliza hivyo ni fundi redio wa mtaani kwetu, na yeye ndiye aliyenitia kwenye jambo hili, kwa kuwa anafuga uduvi wa maji baridi chumbani kwake, ndani ya tangi la kioo la lita 40.

Uduvi wa Fundi si wale wa baharini. Asili yao ni mito na vijito vya Uchina na Taiwan, na wataalamu huwaita Neocaridina davidi. Mkubwa wao hafiki hata sentimita 4. Kwao mtoni huwa wa kahawia hafifu, kama chai iliyopunjwa majani, na mwanga hupenya mwilini mwao. Wa Fundi ni wekundu kama pilipili iliyoiva. Wekundu huo ni kazi ya wafugaji waliochagua wazazi wenye rangi, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata walichokitaka.

Na kazi yenyewe si mchezo. Tangi jipya huachwa wiki nne, hata sita, lina maji, mimea na chujio la sponji tu, mpaka bakteria wazaliane wa kutosha kuiondoa amonia, vinginevyo uduvi watakufa kwa uchafu wao wenyewe. Maji ya bomba hulazwa kwanza kwenye ndoo ili klorini itoke. Shaba kidogo tu ni sumu kwao, kwa hiyo dawa za samaki zenye shaba haziingii mle. Umeme ukikatika, pampu ya hewa inanyamaza, na Fundi anaamka usiku kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Mtu anayefanya hivyo saa nane za usiku simwiti katili. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Jike akishajivua gamba, madume huchachamaa wakimtafuta tangi zima. Baadaye hubeba mayai chini ya tumbo, 20 au 30 hivi, na kwa wiki tatu au nne huyapepea kwa vile vijiguu vya tumboni ili yapate maji mapya, yasiote ukungu. Watoto wakitoka hawapitii hali nyingine yoyote, wanatoka wakiwa uduvi kamili, kila mmoja na masharubu yake, wadogo kuliko punje ya mchele. Mimi nimekaa nikatazama kule kupepea. Hakuna anayemshangilia, hakuna anayemlipa, naye hachoki!

Sasa, katika watoto 25 si wote watakaokuwa wekundu sawasawa. Wengine wana mabaka, wengine wamepauka, mmoja mmoja karudi kwenye rangi ya babu zake wa mtoni. Ukiwaacha wote wazaane, baada ya vizazi kadhaa tangi linaelekea kwenye kahawia. Hapo ndipo penye ugumu. Rangi ile si kitu cha kupata mara moja ukaweka kabatini. Inataka kuondoa, na kuondoa tena, kila uzao. Wafugaji wanaita kuchuja. Wengine wanaochujwa huwatupia samaki wakubwa, wengine huwagandisha kwenye friji, wengine huwahamishia kwenye chombo kingine.

Huko Japani mambo yalifika mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfugaji Hisayasu Suzuki alipata wekundu wachache katika uduvi wake wa milia myeusi na myeupe, jamii nyingine hiyo, akawazalisha wenyewe kwa wenyewe, na dunia ikawajua kwa jina la Crystal Red. Wafugaji wakawapangia madaraja: C, B, A, S, SS, SSS. Kadiri weupe unavyotanda na kukolea ndivyo daraja linavyopanda, na bei nayo. Na kwa kuwa ukoo wao ni mwembamba, wanajulikana kwa udhaifu. Maji yakibadilika kidogo tu, kwisha kazi.

Niliposikia habari za madaraja nilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Sisi wa kidato cha nne tunayajua madaraja. Tunajua maana ya kuitafuta namba yako kwenye orodha ukianzia juu, halafu unaanza kuteremka, na kuteremka. Kuna mshkaji wangu alipata Divisheni Foo, na tangu siku hiyo shangazi yake anamtambulisha kwa wageni kwa namba ile, kama kwamba ndiyo ubini wake. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika makala yenye hasira: tazameni, hata uduvi wanafelishwa!

Lakini Fundi alinizima. "Uduvi hajui daraja lake," alisema. "Aliyepauka anakula, anajivua gamba, anapanda mke. Hajasoma orodha yoyote." Ni kweli. Fedheha iliyompata mshkaji wangu haiwezi kumpata uduvi, na kulinganisha viwili hivyo ni kumkosea mshkaji. Kama kuna ubaya katika kuchuja, haumo kwenye fedheha. Basi umo wapi?

Wengi watasema umo kwenye maumivu, kama yapo. Mwaka 2008 watafiti wa Belfast walichapisha jaribio: waliwapaka kamba wadogo asidi kwenye sharubu moja, nao wakaisugua na kuisafisha sharubu ile ile. Walipopakwa dawa ya ganzi, kusugua kulipungua. Watafiti wengine mwaka 2010 wakajaribu kwa jamii nyingine za kamba na hawakuona vile. Hata hivyo Uswisi tangu mwaka 2018 imekataza kuwatosa kambakochi kwenye maji yanayochemka wakiwa na fahamu zao, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imewaingiza kaa, kambakochi na kamba katika wanyama wanaohesabiwa kuwa na hisia. Mimi si mtaalamu. Ila naona shaka ikiwepo, si haki mwenye friji aitumie kwa faida yake peke yake.

Mambo ya sokoni je? Anayekula uduvi kwa wali atamlaumuje Fundi? Nimelifikiria hili sana, maana mimi pia ninakula, na wakiungwa vizuri nitaongeza sahani. Lakini mvuvi hakumwita uduvi wa bahari aje duniani. Alimkuta, akamvua, watu wakashiba. Yule wa tangini ameitwa. Fundi ndiye aliyepanga wazazi, akapima maji, akaamka saa nane. Mtoto akaja, naye hakuwa yule aliyetarajiwa. Tena angalia: huyo aliyepauka ndiye ambaye angefaa kijitoni. Mwekundu angeonwa na samaki kutoka mbali, akaliwa asubuhi. Tunaposema "huyu ni duni" tunasema tu kwamba macho yetu hayakufurahi. Macho yangu nayo yamo. Wekundu wale ni wazuri, sitadanganya.

Fundi akanigeuzia kibao. "Wewe mwandishi! Riwaya yako umeifuta mara ngapi? Wahusika wangapi umewaua kwa sababu hawakupendeza?" Alidhani amenishinda. Lakini mhusika niliyemfuta hakuacha mtu nyuma. Sentensi haipepei mayai.

Msimamo wangu basi ni huu: achuje akitaka, lakini waliochujwa wapate pa kuishi, kwa gharama yake aliyewaita. Na pa kuishi si mtoni. Wapo wenye huruma ya haraka watakaosema wamwagwe Msimbazi wakatafute maisha. Huko Ujerumani na Hawaii uduvi hawa hawa wamekutwa mitoni wakizaana mbali na kwao, na nani atawaomba radhi viumbe wenyeji kwa mgeni asiyealikwa?

Fundi amekubali ndoo ya pili, shingo upande. Waliopauka wanakula ukungu wa kijani sawasawa na wenzao. Sasa wanazaana humo, na ndoo inajaa. Anapunguza chakula ili wapunguze kuzaana, na wengine amewagawia wenye matangi ya samaki wadogo wanaotaka wasafishaji. Ikijaa tena tutafanyaje? Hapo hoja yangu inachechemea, nami sina gongo la kuipa.

Kuna namna nyingine ya kufuga ambayo Fundi hataki kuisikia, ati haina biashara. Katika Ziwa Matano, kisiwani Sulawesi, Indonesia, wanaishi uduvi wekundu wenye madoa meupe na miguu ya mbele myeupe, walioandikwa rasmi mwaka 2009 kwa jina la Caridina dennerli. Wekundu wao ni wa kuzaliwa, hawakupakwa na mtu. Ziwa lao limevamiwa na samaki wa kigeni walioletwa na watu, na sasa wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Wapo wafugaji wa Ulaya walio nao kwenye vioo vyao na wanawazalisha, na mwenye nia ya kuuokoa ukoo hana sababu ya kupanga S wala SSS. Mwenye doa moja na mwenye madoa matano wote anawaweka, kwa kuwa ukoo ukishakuwa mdogo hivyo, huwezi kujua damu ya yupi ndiyo itakayohitajika.