Siku ya Tatu Mpe Jembe

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu.

Morogoro yetu hii ni mji wa vyuo. Tuna Sokoine tangu 1984, tuna Mzumbe, tuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, Fuso hushusha vitanda na masufuria mitaani mwetu, Kihonda hadi Mafiga. Tumeshazoea. Tunachungulia dirishani, tunasema, "Hao watu wa chuo, wapita njia," pazia linarudi.

Mwaka jana ilihamia mtaani kwangu familia kutoka Tanga. Baba amekuja kusoma. Miezi miwili mama yule aliwapeleka watoto madrasa ya mbali kwa bodaboda, na nyuma ya nyumba anayoishi ipo madrasa. Hakuna aliyemwambia. Mimi ni jirani yake, na kila asubuhi nilikuwa naitikia salamu yake. Nayasema haya kwa haya.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, mwaka 622, aliwaunga udugu Muhajirina, waliohama, na Ansari, wenyeji, mtu na mwenzake. Saad bin Rabii, mwenyeji, akamtaka mgeni wake Abdurrahman bin Auf wagawane mali nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda, akafanya biashara, akarudi na samli na jibini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumsimanga mgeni. Lakini wamesema *mpe*: jembe linatoka kwa mwenyeji! Jembe la leo ni kumwambia mgeni maji hutoka siku gani, daladala ya Msamvu hupandwa wapi, unga wa nafuu uko duka lipi, darasa la akina mama ni lini.

Nawe mwenye nyumba: kumpandishia kodi mtu aliyeshuka jana, kwa kuwa hajui bei ya mtaa, kisha ukadai miezi sita kwa mkupuo, hilo si jembe, ni shoka.

Nanyi mliohamia, msijifungie ndani. Ulizeni soko, kama alivyouliza Abdurrahman. Na watoto wakilia wanataka kurudi kwa bibi, msiwakaripie. Sahaba Bilal mwenyewe alipofika Madina alishikwa na homa, akawa anaililia Makka. Mtume hakumlaumu, alimwomba Mola aifanye Madina ipendeke kwa Muhajirina kama Makka au zaidi.

Ndugu zangu, ni kweli watu wa chuo huondoka. Miaka mitatu, wanafunga virago. Lakini ujirani hauna sharti la kudumu, na anayeondoka huondoka na habari zetu. Leo tukitoka hapa, kabla ya kuketi kwenye pilau, kila mmoja akabishe hodi mlango mmoja asioujua.

Ewe Mola, ipendezeshe Morogoro kwa wageni wetu, na utupendezeshe sisi kwao. Amin.