Koo Linalowasha Alfajiri

Umeamka koo linawasha, homa huna, unakohoakohoa kusafisha sauti? Huenda ni mzio. Kwenye magodoro na mito huishi utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwili ukikichukulia kinyesi chao kama adui, humwaga kemikali iitwayo histamini. Pua huvimba ndani, kamasi hutiririkia kooni usiku kucha. Inaniuma sana kuona watoto wakinyweshwa antibiotiki, dawa ya bakteria, kwa koo lisiloambukizwa na bakteria. Ili kuua utitiri, fua mashuka kwa maji ya moto. Lakini ulimi au koo likivimba ghafla baada ya kula karanga au kuumwa na nyuki, pumzi ikabana, huo ni mzio mkali; usingoje: mkimbize mgonjwa hospitali.